Basi Lisimame Kijijini

Kila mwaka, masika yanapokwisha na kusi likaanza kuvuma, barabara za kisiwa cha Unguja huanza kupitiwa na mabasi madogo yanayochukua wageni wa namna ya peke yao. Si wale wageni wa hoteli kubwa wanaopokelewa uwanja wa ndege kwa magari yenye vioo vyeusi. Hawa ni vijana, wengi wao wanafunzi au wafanyakazi wa kipato cha kawaida huko kwao, waliobeba mashanta migongoni na kudunduliza fedha zao kwa muda mrefu ili waione pwani yetu. Husafiri kwa makundi ya watu kumi, kumi na wawili au kumi na watano. Hulala usiku mmoja au miwili Mji Mkongwe, kisha basi huwapeleka Nungwi, likateremka nao upande wa mashariki kwa Matemwe, Kiwengwa na Chwaka, likafika Paje na Jambiani, na mwisho likazungukia Makunduchi na Kizimkazi kabla ya kuwarejesha mjini.

Leo twataka kusema juu ya mabasi hayo, kwa sababu juu yake yamekuwapo maneno mengi na fikra chache.

Wapo maofisa wanaoyatazama kwa dharau. Husema kuwa mgeni wa shanta hana fedha, kwamba hulala nyumba za bei nafuu, hula chapati na maharage, na kwamba nchi yenye bahari nzuri kama yetu haipaswi kuhangaika naye ila itafute matajiri wachache watakaolipa kwa mamia ya dola kila usiku. Wapo pia wenzetu vijijini wanaoyafurahia mabasi hayo bila ya kuuliza neno, maadamu mzungu ameonekana na huenda akanunua kitu. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimeliacha swali lililo kubwa. Kiasi cha fedha alichonacho mgeni mfukoni hakitoshi kupimia faida ya utalii. Yatupasa kuuliza: basi linasimama wapi, na likisimama, ni nani anayelipwa?

Swali hili si jipya katika visiwa vyetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijengwa reli ndogo kutoka mjini hadi Bububu, na miongoni mwa abiria wake walikuwa wasafiri wa meli walioteremka kwa saa chache kutazama mashamba. Waliiona minazi, wakaiona mikarafuu, wakarudi melini kwao. Nauli ilikwenda kwa mwenye reli, na mkulima aliyekuwa kando ya njia akaambulia moshi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1970, palizuka mjadala mkali katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam juu ya utalii na maendeleo ya wananchi, na mwaka 1973 hoja zake zikatolewa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji. Walioandika hawakukubaliana, lakini masuali yao yangali hai mpaka leo: faida ya utalii ni ya nani, na je, mwananchi atakuwa mwenyeji wa mgeni au atakuwa mtumishi tu ndani ya nyumba yake mwenyewe?

Zanzibar iliingia katika shughuli hii kwa nguvu tangu katikati ya miaka ya 1980, wakati bei ya karafuu ilipokuwa imeanguka na milango ya vitega uchumi ilipofunguliwa. Tangu hapo hesabu imekua kwa kasi ambayo wazee wetu wasingeiamini. Mwaka 2019 walifika wageni zaidi ya laki tano. Maradhi ya korona yaliipunguza idadi hiyo mwaka 2020, lakini ilipanda tena, na mwaka 2024 walifika zaidi ya laki saba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakaazi wa Zanzibar kuwa karibu milioni moja na laki tisa. Maana yake ni kwamba, kwa kila wakaazi kumi wa Unguja na Pemba, huingia wageni wapatao wanne kila mwaka. Jambo lenye uzito huu haliwezi kuachiwa lijiendeshe lenyewe.

Tuanze na haki ya mgeni wa shanta, maana amesingiziwa mengi. Mgeni wa hoteli ya kulipia kila kitu hulipa huko kwao kabla hajapanda ndege. Amekwisha kulipia chumba, chakula, kinywaji na hata matembezi. Akifika hupitishwa lango, na huko ndani humaliza siku zake saba. Kijiji kilicho nje ya ukuta humjua kwa taa zake tu usiku. Hatusemi kwamba hoteli hizo hazina faida. Zinalipa kodi na zinaajiri watu. Lakini fedha yake hupita mbali na mkono wa muuza samaki. Mgeni wa shanta yu kinyume chake. Hakulipia chakula, kwa hiyo asubuhi atatafuta chai na mkate wa kumimina. Mchana atataka pweza au wali wa nazi. Jua likimchoma atanunua dafu. Hana gari la kukodi, kwa hiyo atapanda daladala au baskeli ya kijana wa kijijini. Shilingi yake ni ndogo, lakini haina safari ndefu: hutoka mfukoni mwake ikaingia moja kwa moja katika kanga ya mama.

Tupige hesabu ya mfano. Basi lenye wageni 12 likisimama kijijini kwa muda wa saa mbili, na kila mgeni akatumia shilingi 10,000 tu kwa chakula, dafu na ujira wa kijana wa kuwatembeza, kijiji kimepata shilingi 120,000. Mabasi matatu kwa wiki ni shilingi 360,000. Kwa wiki 52 za mwaka ni shilingi 18,720,000. Kwa mwenye hoteli hiyo si fedha ya kumkosesha usingizi. Kwa kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani ni madawati ya skuli, ni pampu ya kisima, ni mtaji wa mama wengi.

Hata hivyo tusijidanganye. Hesabu hiyo ni ya basi linalosimama, na mabasi mengi hayasimami. Safari huuzwa na ofisi iliyo mjini, au iliyo ng'ambo kabisa, na dereva hupewa saa ya kufika. Hutoka mjini akapita Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni bila ya kupunguza mwendo, na mgeni aliyevuka bahari ili aione nchi huiona kupitia kioo kama sinema. Akisimama, husimama mahali alipoahidiwa chochote: duka la vinyago ambavyo havikuchongwa kisiwani, au mkahawa ambao mwenyewe amekwisha patana na papasi juu ya fungu lake. Papasi huyo, ambaye jina lake limetoka kwa mdudu anyonyaye damu, hana leseni, hana daftari, wala hana kijiji. Kadhalika mgeni huishia kulipa bei iliyopandishwa mara mbili, akaondoka akiamini kuwa Wazanzibari wote ni walaghai.

Wenzetu wa nchi nyengine wamekutana na msiba huu, nasi yafaa tujifunze kwao kabla haujatuzidi. Katika jimbo la Victoria, nchini Australia, iko barabara ya pwani ijulikanayo kama Great Ocean Road. Ina urefu wa kilomita zipatazo 240, nayo ilijengwa baina ya mwaka 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, wakitumia sururu na makoleo. Ni miongoni mwa barabara za pwani zinazosifiwa sana duniani. Kila asubuhi mabasi ya wageni hutoka mji wa Melbourne, hukimbia hadi kwenye majabali yaliyosimama baharini yanayoitwa Twelve Apostles, wageni hupiga picha, na usiku huwa wamerudi mjini. Nchi hiyo ni tajiri, lakini vijiji vilivyo njiani vimelalamika kwa miaka mingi kwamba hubeba mzigo wa magari, taka na vyoo, ilhali mgeni hakulala kwao wala hakula kwao. Jimbo hilo lililazimika kuunda mamlaka maalumu ya pwani hiyo mwaka 2020. Ikiwa nchi yenye uwezo kama ule imeona kwamba uzuri wa pwani peke yake haumlishi mwenye pwani, sisi tuna udhuru gani wa kusubiri?

Wala hatuwezi kusema kwamba hapa kwetu hapana cha kumsimamisha mgeni. Nungwi kuna mafundi wanaounda majahazi kwa mikono, kwa ujuzi waliourithi kwa baba na babu. Chwaka kuna soko la samaki ambapo mnada huendeshwa mbele ya macho ya kila mtu. Katika pwani za Paje na Jambiani, tangu mwaka 1989, akina mama wamelima mwani maji yakitoka, nao wanaweza kumweleza mgeni mambo mengi kuliko kitabu chochote: namna mbegu inavyofungwa kwenye kamba, bei inavyoshuka na kupanda kwa amri ya wanunuzi wa mbali, na jinsi joto la bahari lilivyoiua ile mbegu yenye bei nzuri. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi kwenye kibla chake, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Kabla Vasco da Gama hajazaliwa, wazee wetu walikwisha jenga kwa mawe na kuandika tarehe. Makunduchi kuna Mwaka Kogwa kila Julai. Mgeni anayepitishwa haya yote kwa mwendo wa mbio amedhulumiwa, na mwenyeji amedhulumiwa pamoja naye.

Hapana budi tuseme pia juu ya madhara, maana kusimama kwa basi bila ya utaratibu nako kuna hasara zake. Vijana wengine hushuka wakiwa nusu uchi katikati ya kijiji, wakati wa adhana, hata ndani ya mwezi wa Ramadhani, na mara nyingi si kwa ujeuri bali ni kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Wengine huwapiga picha akina mama walioinama katika mwani bila ya kuwaomba idhini, kana kwamba ni ndege wa porini. Watoto hugaiwa peremende na vijisenti kupitia madirisha ya basi, wakajifunza kuacha darasa na chuo cha Kurani na kukimbilia barabarani kunyoosha mikono. Huko Kizimkazi mashua huwazingira pomboo, wageni wakarushwa majini juu yao, na wataalamu wamekwisha eleza kwamba wanyama hao hukosa kupumzika na kulisha watoto wao wanapofukuzwa hivyo. Pomboo wakihama, mabasi nayo yatahama, na mashua zitabaki zimepinduliwa pwani.

Lipo na jambo la njia za kuendea bahari. Mahali pengi katika pwani ya mashariki ukuta umejengwa karibu na maji hata mvuvi na mchokozi wa pweza wanalazimika kuzunguka mbali kufika mahali walipopitia tangu utotoni. Kijiji kisicho na njia ya bahari hakina pia pahala pa kumpokelea mgeni. Tukisema basi lisimame kijijini, basi kijiji nacho kiwe na pwani ya kusimamia.

Je, utaratibu unawezekana? Unawezekana, na mfano tunao nyumbani. Katika msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, mgeni anayekuja kumtazama kima punju hulipa kiingilio mlangoni, hupewa risiti, hutembezwa na mwongozaji anayeujua msitu, na sehemu ya fedha hurudi katika vijiji vinavyouzunguka. Hatudai kwamba hapakuwa na ugomvi. Wakulima wamelalamika kwa haki juu ya mazao yanayoliwa na kima, na juu ya mafungu kuchelewa. Lakini kilichoko Jozani ni mlango, bei inayojulikana na daftari linaloweza kukaguliwa. Wahenga walisema kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Vijiji vyetu vya pwani vina mali. Vilichokosa ni daftari.

Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo, tukizielekeza kwa kila anayehusika.

Kwanza, kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na Kamisheni ya Utalii. Leseni ya kuendesha matembezi ya pwani isitolewe kwa kuangalia gari na bima peke yake. Mwombaji aoneshe njia atakayopita na vijiji atakavyosimama, na alipe kijiji kwa risiti. Mwongozaji asiye na kitambulisho asiruhusiwe kupanda basi, na katika kila kijiji mwongozaji awe ni mtu wa kijiji kile. Barabara kama ile ya Bububu, Mahonda hadi Mkokotoni, yenye kilomita 31, zimejengwa kwa fedha za umma na kwa mikopo itakayolipwa na umma. Si haki umma huo ubaki kuhesabu magari yanayopita.

Pili, kwa masheha na kamati za shehia. Pangeni bei moja iliyo wazi, iandikwe kwenye ubao kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni, na mapato yasomwe mbele ya wanakijiji kila baada ya miezi mitatu. Lakini twawaonya pia: kijiji kisigeuzwe kizuizi cha barabarani. Wako wanaofikiri kwamba utaratibu ni kuweka gogo njiani na kudai fedha. Mgeni anayetozwa bila ya kupewa kitu hatarudi, na atawazuia wenziwe. Mtoze baada ya kumpa: chai safi, choo kisafi, kivuli, na maelezo ya kweli.

Tatu, kwa wenye mabasi na madereva. Mnaishi kwa uzuri wa pwani ambayo hamkuiumba wala hamuifagii. Waelezeni wageni kabla hawajashuka: jinsi ya kuvaa, jinsi ya kuomba picha, kwamba mtoto asipewe fedha njiani bali mchango upelekwe skuli. Punguzeni mwendo mnapopita vijijini, kwani fundi wa gari atalinyoosha bati, lakini mtoto aliyegongwa hanyooshwi. Na dereva asimamishe gari kwa ajili ya wageni na kijiji, asisimamishe kwa ajili ya bakshishi yake.

Nne, kwa sisi wananchi wenyewe. Mgeni si mfuko wa fedha unaotembea, wala si adui wa kupishwa kwa chuki. Ustaarabu wa visiwa hivi ulitokana na kupokea watu wa bahari kwa karne nyingi, tukachukua kwao kilicho chema na kukataa kilicho kiovu, bila ya kupoteza nafsi zetu. Kijana anayetaka kuwa mwongozaji asijitegemee kwa maneno mawili matatu ya Kitaliano aliyookota pwani. Ajifunze historia ya kijiji chake kwa wazee wangali hai, na ajifunze majina ya miti na samaki. Mama anayeuza chakula apike kama anavyowapikia wageni wake wa Idi. Vyama vya ushirika vya akina mama wa mwani vipewe nafasi ya kuuza sabuni na bidhaa zao palepale basi linaposimama, bila ya dalali.

Tunajua watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba nchi inazungumza juu ya Uchumi wa Buluu na miradi ya mamilioni ya dola, na sisi tunahangaika na basi la vijana kumi na wawili. Jawabu letu ni kwamba sera kubwa hupimwa katika mambo madogo. Imesemwa mara nyingi kwamba utalii ni wa wote. Mwananchi wa Matemwe au wa Jambiani hatasoma takwimu za wageni katika ripoti ili ajue kama neno hilo ni la kweli. Atatazama barabara iliyo mbele ya mlango wake. Basi likipita na kumwachia vumbi, ataamini kwamba wote hao ni watu wengine. Basi likisimama, wageni wakashuka kwa adabu, wakala, wakalipa, wakaandikwa katika daftari, naye akaliona dawati jipya la mwanawe skuli, hatahitaji hotuba.

Pwani ni ile ile na barabara imekwisha tiwa lami. Wageni wako njiani, na msimu hausubiri. Wenye kutoa leseni watoe leseni zenye masharti, wenye vijiji wafungue madaftari, na dereva akanyage breki.